Taa ya Kisimani

Chelangat, mjukuu wangu,

Chamgei. Huku Kaplong mvua imerudi na chai imechipuka. Kogo, bibi yako, anakusalimu. Mguu bado unamsumbua, lakini bado anakamua ng'ombe mwenyewe.

Umeniuliza, kwa mzaha nadhani, uchague mashine gani ya kromatografia, ile ya kutenganisha gesi na kupima hata kiasi kidogo sana hewani. Sikucheka. Umesema itapima hewa ya chumba cha boila kiwandani, na ndugu yako Kiprono anashinda humo kutwa.

Nilipokuwa kijana tulichimba kisima. Maji yalipojaa, tulishusha pampu ya petroli ikayanyonya, kisha tukaitoa. Desturi ilikuwa kushusha taa ya mafuta kwanza: ikizimika, hewa ni mbaya. Ilifika chini ikiwaka. Nikafungwa kamba, nikashuka. Sikusikia harufu yoyote ya kutisha. Magoti yalilegea tu, na sauti ya kaka yangu ikaenda mbali: "Wee Kibet! Mbona hunijibu?" Nilivyotolewa, tuache tu.

Baadaye nilielewa kwamba taa inajua hewa ikipungua, lakini sumu ya moshi wa injini, kama ya ile pampu yetu, haiijui. Kwa hivyo muuzaji akikusifia gesi ambazo kigunduzi chake kinaziona, muulize ni ipi inayopita mbele yake kikanyamaza.

Mpaka leo naogopa kitu kinachoniambia niko salama. Nilipoanguka mle kisimani, ile taa ilikuwa kando ya uso wangu. Ilikuwa inawaka vizuri sana.

Kugo, babu yako