Maji ya Karatu Huchemka Mapema

Alhamisi, Julai. Ukungu umelala juu ya Karatu tangu asubuhi na baridi imeingia hadi kwenye mifupa. Nimerudi kutoka kijiji cha Kansay. Nimekaa ndani na koti, jiko sijaliwasha.

Nina jambo zito kifuani na sina wa kumwambia, ndiyo maana naliandika.

Kazi yangu ni kutengeneza simu na redio. Tangu mke wangu Rehema apate kazi ya upishi katika shule moja huko Tanga, jioni zangu zimekuwa ndefu. Kujipoza, nikaanza kuunda mashine za kutotolesha vifaranga: sanduku la plaiwudi, balbu, na vihisi joto ninavyotengeneza mwenyewe kwa vipuri vya betri za kompyuta zilizokufa. Mashine ya kwanza nilimpa Mama Paskalina wa Kansay, mjane ambaye ugonjwa wa mdondo ulimwachia kuku wachache tu.

Kabla ya kumpelekea, nilivipima vihisi kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Vikasoma tisini na tano. Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka yakifika nyuzi mia, kwa hiyo nikaona vinakosea, nikaviongezea tano. Nikaridhika.

Wiki tatu zikapita, na siku kadhaa juu yake. Hakuna yai lililotoboka. Nilipoyapasua, yalitoka maji yenye uvundo. Nikamwambia Mama Paskalina, kwa ile sauti yetu mafundi, kwamba mayai hayakuwa na mbegu, jogoo wake amezeeka. Alinisikiliza bila kubisha.

Wiki ile ile akamchinja jogoo.

Juzi nilikuwa nahangaika na kihisi kingine. Nikakibana kwapani nione kitasemaje. Arobaini na moja na nusu. Nikajishika paji la uso, lakini mkono wako mwenyewe haukwambii kitu, maana na wenyewe una joto lile lile. Anatakiwa mtu mwingine. Nyumba hii haina mtu mwingine.

Nikaenda zahanati nikiwa na hakika ni malaria. Muuguzi akanipima kwa kipimo chake, akaniambia joto langu ni thelathini na sita na nusu, nirudi nyumbani nikanywe chai.

Njiani nikapiga hesabu. Tofauti ilikuwa tano. Tano niliyoiongeza mimi kwenye kila kihisi.

Bado maji yalinitatiza. Kama vihisi vilikuwa sawa, mbona havikufika mia? Jana Rehema akapiga. Simu zetu siku hizi ni za umekula, nimekula, huko kuna baridi, huku kuna joto. Akawa ananisimulia mambo ya jikoni kwao, kwamba maharage ya Tanga yanaiva upesi mpaka anashangaa, wakati huku kwetu juu yalikuwa yanammalizia kuni. Nikaikumbuka ile sufuria yangu. Akauliza kama simu imekatika.

Huku milimani maji huchemka kabla ya kufika mia. Ndiyo maana maharage yanachelewa. Vihisi vyangu vilikuwa vinasema kweli tangu mwanzo, mimi nikavilazimisha kusema uongo, na yale mayai yakakaa kwenye ubaridi huku namba zikionyesha joto zuri. Nilitaka kumweleza Rehema yote, lakini aliitwa kugawa chakula, akaniaga.

Mama Paskalina asingejua kamwe. Kwa hiyo leo nimekwenda mapema, kabla sijajipatia visingizio.

Nilimkuta uani anachambua mbaazi. Nikamweleza kwamba kosa lilikuwa la mashine, na la mashine maana yake ni langu. Mayai yake hayakuwa na shida. Jogoo naye hakuwa na shida. Akaendelea kuchambua.

"Yule ndiye alikuwa ananiamsha," akasema. "Siku hizi naamka nakuta kumeshakucha, na hakuna sauti yoyote."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitamletea jogoo mwingine, akasema nisimchague mimi peke yangu, tutakwenda wote mnadani, kwa sababu mimi najua nyaya, sijui kuku. Hakuwa na hasira. Nadhani ningejisikia nafuu kama angekuwa nayo.

Nikaiondoa ile tano. Tukaiwasha mashine tupu, tukakaa tukiitazama mpaka namba zikatulia mahali pake.

Nilipokuwa nafunga mfuko wa vifaa, akaniambia nije Jumapili baada ya ibada. Nikamuuliza kuna kitu gani kingine kimeharibika.

Akanitazama kama mtu aliyesikia jambo la ajabu.

"Hakuna kilichoharibika, mwanangu. Uje ule."

Tangu nirudi najaribu kukumbuka. Ni lini mara ya mwisho mtu aliniita kwake bila kuwa na kitu kibovu cha kunionyesha?

Nitakwenda. Na nitakwenda mikono mitupu, bila mfuko wa vifaa.