Haiheti ya Goti

S.L.P. 118,
Musoma.
18 Septemba 1994.

Mpendwa kaka yangu Wenceslaus,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu ziwani. U mzima wewe? Shemeji je, hajambo? Na yule mtoto wa mwisho uliyeandika wakati wa Krismasi kwamba kifua kinamsumbua, amepona? Huku tunaendelea, malaria za hapa na pale hazikosi. Shemeji yako Getruda anaumwa jino wiki ya tatu sasa, na kung'oa hataki, anasema lililobaki mdomoni ni lake. Mama yako, mama mkubwa Pelagia, bado anakwenda mwenyewe gulioni Kisorya na kurudi, ingawa jicho la kulia linaona ukungu tu. Salamu zake nitakueleza mwishoni.

Najua utashangaa kuona barua yangu. Barua zako zote unamwandikia mama, na msomaji wake ni mimi. Kila barua ina mstari mmoja wa mwisho: nisalimie Pastory. Miaka kumi na minne nausoma mstari huo kwa sauti mbele ya mama yako, naikunja karatasi, naaga. Sijawahi kuujibu. Leo nimeamua kuujibu, samahani kwa wino kuchafuka.

Kwanza habari za kazi. Kule jineri Bunda, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, tulipunguzwa mwaka wa tisini na moja, na bendi ya kiwanda ikafa siku hiyo hiyo. Ngoma kubwa ilichukuliwa na shule, gitaa sijui zilienda wapi. Mimi nilipewa yale matoazi mawili ya haiheti, yanayobanana kwa pedali ya mguu, basi, ndiyo asante yangu. Moja lina ufa. Lingine mama mkubwa anafunikia mtungi wake wa maji, tundu la katikati kaliziba kwa kitambaa. Ulipokuwa ukilipiga wewe lilikuwaga linang'aa, sasa limefanya kutu ya kijani.

Siku hizi niko Musoma kwa Bwana Mihayo, mfanyabiashara wa sangara. Napima samaki mzani. Ee kaka, zama zimegeuka! Zile enzi za kupanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, leo ukimhadithia mtoto anadhani unamtania. Mwenye fedha analeta anachotaka. Mihayo amefungua hoteli, anataka muziki, na mwezi wa sita alirudi kutoka Nairobi na drams za umeme. Zimetumika, lakini nzima.

Wewe fundi wa redio ungezipenda. Ngozi hamna. Ni vibao vya mpira, kila kibao na waya wake, nyaya zote zinaingia kwenye sanduku moja, na sanduku ndilo linalotoa sauti. Unagusa mpira taratibu, kwenye spika linapasuka dude kama mtu kaangusha gunia la pamba. Wachuuzi wa samaki walikimbilia mlangoni siku ya kwanza. Mimi mwenyewe nilisema, Mungu wangu, tumezeeka.

Ila haiheti haikuwepo. Yule Mnairobi aliuza vingine vyote, kibao cha haiheti na pedali yake akabaki navyo. Umeuziwa baiskeli bila mnyororo! Unajua mwenyewe muziki wetu bila ile chik-chik unavyochechemea. Mihayo akanipa kazi ya kutafuta haiheti ya bei nafuu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kuwa mpigaji.

Tuliuliza Nairobi. Bei ya pedali mpya unanunua mtumbwi na nyavu zake. Nikaazima matoazi ya kweli, nikayaweka pembeni ya vile vibao. Hayakufaa. Ngoma zinatoka kwenye spika kule mbele, matoazi yanapiga kelele hapa sikioni mwa mpigaji, ungedhani bendi mbili zinagombana. Kuyawekea maikrofoni ni gharama nyingine. Ikabaki kutengeneza.

Nikaenda kwa Clementi, fundi redio wa pale sokoni, kijana mwenye maneno mengi lakini mkono wake mzuri. Alikata duara la mbao, chini yake akagundisha kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia ndani ya saa za mezani, juu akavika mpira wa tyubu ya lori. Unapiga mpira, kisahani kinasikia, sanduku linalia. Kazi ya siku mbili! Halafu akauliza habari ya pedali. Nikamwambia, haiheti ni mguu, sharti pedali iwepo. Nilisema kwa sauti ya mjuzi kabisa.

Akacheka. "Mzee Pastory, pedali yenyewe ni swichi tu. Waya mbili zikigusana, haiheti imefunga. Zikiachana, imefunguka. Niambie unataka kubonyeza kwa kitu gani, mguu, mkono, goti? Hili sanduku halijui mguu wa mtu."

Ee kaka! Nilitoka nje nikasimama kwenye jua, akadhani nimekasirikia bei.

Naona nazunguka tu. Naongea habari za waya na mpira kurasa nzima kwa sababu lile jambo lenyewe linanishinda. Wazee walisema mficha uchi hazai. Basi naliandika hapa chini, na sitalifuta.

Mwezi wa sita mwaka 1980 ulirudi kutoka hospitali, mguu wa kushoto umeuacha Uganda, vita imekwisha. Ulikuja jineri kuomba nafasi yako, nafasi niliyokushikia tu ulipoenda na mgambo. Bwana Keraryo, afisa utumishi, aliniita ofisini. Wewe ulikuwa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, magongo umeyalaza mapajani. Keraryo alijua pamba, drams hakuzijua. Akaniuliza mimi, kwa haki kabisa, "Nafasi ni moja na ni ya huyu. Lakini anaweza kupiga bila mguu wa kushoto?"

Nikasema, "Haiwezekani, mzee. Haiheti inapigwa kwa mguu wa kushoto. Bila mguu huo hakuna drams." Na dirisha lilikuwa wazi.

Nilijua nasema uongo. Mwaka 1976 tulipiga harusi kule Butiama, springi ya pedali ikakatika kabla maharusi hawajaingia, na springi nyingine nchi nzima usingeipata. Wewe ulifanya nini? Ulishusha toazi la juu likalalia la chini, ukakaza nati, ukapiga sherehe yote kwa mkono, mguu umeuweka pembeni. Watu wakacheza mpaka vumbi likatanda. Ukaniita ukanionyesha ile nati ilivyokazwa, nami nikaigusa kwa kidole changu. Wewe ndiye uliyenifundisha. Na mimi nikaenda kuificha siri ile ile riziki yako ilipoihitaji.

Sitasema njaa ilinituma. Ni kweli Getruda alikuwa na mimba ya kwanza, na jina langu likiwa kwenye orodha ya duka la jineri tulipata sukari, sabuni, na kitenge mara moja moja. Lakini ukweli kamili ni kwamba nilipenda kukaa pale juu. Nilipenda kuitwa Pasto Drams. Nilikuona unashuka kwenye gari na magongo yako, na kabla sijakuhurumia niliwaza kiti changu. Hilo ndilo ninaloona aibu kuliko hata uongo wenyewe.

Ulipoitwa ndani ukaambiwa, hukubisha. Ulinitazama, ukasema, "Sawa, mdogo wangu. Ila ile nati uwe unaikaza." Keraryo akatabasamu, akadhani mkubwa anamuusia mdogo wake kazi. Mimi nilielewa. Mwezi ule ule ukamfuata Songea rafiki yako wa hospitali kujifunza redio, na mpaka leo hujakanyaga Kisorya. Unamwandikia mama kwamba njia ni ndefu kwa mtu wa magongo. Anaamini. Huwaambia majirani mwanawe anaona haya kwa ajili ya mguu, nami nilikuwa nakaa pale namwitikia, ndiyo mama, ndiyo. Mwenye haya alikuwa amekaa mbele yake anakunywa uji wake.

Na sukari ile, kaka! Kila mwezi nilimpelekea mama yako nusu. Alikuwaga ananitemea mate ya baraka kifuani, anasema, "Mungu akuzidishie, wewe ndiye mwanangu aliyebaki." Nami nilizipokea. Nilikuwa nainamisha kifua kabisa.

Basi, kwa Clementi nilirudi kesho yake, nikamwambia swichi iwe ya goti. Goti unalo, nakumbuka, ulikatwa chini yake. Akatengeneza kibao kidogo kinachosimama upande wa nje wa goti la kushoto. Ukilisukuma goti nje kidogo, haiheti inafunga, inasema chik. Ukiliachia, inasema chaaa. Ngoma kubwa ni mguu wa kulia kama zamani. Sikutaka kuamini maneno ya fundi, nikajaribu mwenyewe. Nilikunja mguu wa kushoto, nikaufunga nyuma kwa khanga ya Getruda, nikakaa na goti tupu kwenye stuli. Wiki mbili nilifanya hivyo kila nikitoka mzanini. Wiki ya kwanza goti lilichelewa, kidole cha mguu uliofungwa kinapiga hewa chenyewe, nikatukana sana. Watoto wa jirani walikuja kuchungulia wakaambiana mzee karogwa.

Getruda aliuliza nina wazimu gani. Nikamweleza yote, yeye wa kwanza. Siku mbili aliniachia sufuria jikoni nijipakulie mwenyewe. Siku ya tatu alikuja na khanga akanifunga mguu mwenyewe, tena alikaza kuliko mimi, nikafa ganzi mpaka kiunoni.

Sasa inapigika. Nimeshusha kibao cha haiheti usawa wa kiwiko ili mtu asiinuke. Kuna tatizo moja sijalimaliza: ukipiga ngoma kubwa kwa nguvu, haiheti nayo inashtuka inalia bila kuguswa. Niliitoa kwenye chuma kimoja na ngoma nikaiwekea mguu wake, chini nikaweka vipande vya godoro, ikapungua lakini haikuisha. Clementi anasema dawa iko kwenye waya. Wewe labda unaijua.

Mihayo alikuja kunitazama nikiwa nimefungwa vile. Akauliza kwa nini najitesa. Nikamwambia mbele ya wapishi na wachuuzi wake wote, mwenye drams hizi ni kaka yangu, nafasi yake nilimnyang'anya kwa uongo, na mimi sitakaa kwenye kiti kile hata ukinilipa. Mmoja wa wachuuzi aliguna. Mihayo yeye alijikuna kidevu tu, akasema atangoja mpaka Krismasi, baada ya hapo atamtafuta mpigaji mwingine Mwanza.

Usinielewe vibaya, kaka. Kibao cha mbao na mpira wa lori havilipi miaka kumi na minne, hilo najua. Na usipotaka kupiga tena, usipige, una ufundi wako na una watu wako huko. Lakini nyumbani uje. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni, na nimeondoka.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kisorya. Nilipiga magoti mbele ya mama mkubwa nikamwambia kila kitu, ofisi, dirisha, nati, sukari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka polepole, akalitoa lile toazi juu ya mtungi, akaufunika mtungi kwa sahani ya bati. Toazi akaliweka chini mbele yangu. "Hili ni lako," akasema. Nimelileta huku ndani ya gunia. Sijui nilifanyie nini.

Wanaokusalimu ni Getruda, ambaye anasema jino lake ataling'oa siku ukifika, na mjomba Bernado, na Clementi asiyekujua ila anataka kuongea na fundi mwenziwe. Msalimie sana shemeji, na watoto wote kwa majina yao. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, na akupe moyo mwepesi kuliko nilionao mimi.

Mama hajatoa salamu. Nilimuuliza kabla sijaondoka, nikiwa na kalamu mkononi kama siku zote, nimwandikie nini. Akasema, "Salamu zangu zimepita mkononi mwako miaka yote hii. Zimetosha. Aje azichukue mwenyewe."

Mdogo wako akupendaye, naye akachelewa kukutendea hivyo,

Pastory