Bakuli Sita kwa Siku

Yamg, 3 Machi. Asubuhi theluji nyepesi, upepo umetulia.

Mavzuna mwanangu,
Hujambo huko Dushanbe? Wajukuu wamepona mafua? Sisi wazima, ila presha yangu. Tabibu wa wilaya alipima 178 kwa 96. Amesema isiposhuka, kiangazi nisipande malishoni. Miaka arobaini na moja napanda na ng'ombe wangu! Basi vidonge sijaruka hata siku moja, na chumvi nimeikata kabisa. Supu haina, viazi havina. Baba yako anakula uso kaukunja utadhani anameza dawa yeye. Kile kipimo ulichonitumia natumia asubuhi na jioni, naandika daftarini. Wiki mbili sasa: 176, 174, 177. Nimekunakilia kurasa zote.
Mama yako

Dushanbe, 19 Machi. Mvua.

Mama, nabusu mkono wako. Watoto wamepona. Kurasa zako nimezisoma mara mbili. Niambie kitu kimoja tu: shirchoy unakunywa bakuli ngapi, na unatia nini?
Mwanao

Yamg, 4 Aprili. Jua; barafu inadondoka paani.

Mwanangu,
Tunaendelea vizuri. Swali gani hilo? Shirchoy ni chai, si chakula! Bakuli tatu asubuhi, moja mchana, mbili jioni. Maziwa, siagi, na chumvi kama kaw

Kalamu ilisimama hapo. Baba yako akauliza, "Vipi, umeona jini?" Nikachukua kijiko, nikamimina mezani chumvi yote ninayotia kwa siku. Kilikuwa kilima, Mavzuna.
Mama yako

Malishoni, 21 Juni. Asubuhi baridi kali, anga safi.

Mavzuna wangu,
Mko salama? Umeona ninakoandikia? Tangu Aprili nakunywa chai bila chumvi. Jirani yetu Oshurmo alionja akatema: "Dada, hii umenawia miguu?" Nikavumilia. Kila asubuhi nikatembea hadi mferejini na kurudi. 168. 159. Nikadhani kipimo kimeharibika, nikampima baba yako. Yake ilikuwa ileile ya siku zote. 143. Mei 28, 136 kwa 82. Nilikaa mkono umefungwa kipimo vilevile, nisiweze hata kuufungua. Miaka sitini na saba naishi na damu hii, sikujua kumbe inanisikiliza. Mkono unaacha kijiko jikoni, na huko ndani, nisikokuona, kitu kinalegea. Nani alipanga hivyo?

Tabibu alisoma daftari lote, kisha akasema, "Panda, mama. Polepole, na vidonge vyako."

Jana tulipanda kwa muda wa saa tisa nzima. Tulipofika nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono. Oshurmo akanikuta. "Unahesabu nini tena, mwalimu wa hesabu?"
"Sihesabu. Nasikiliza."
"Lete, na mimi nisikilize."
Akanishika mkono, akanyamaza. Oshurmo, akanyamaza! Tukakaa hivyo hadi ng'ombe walipoanza kulia wakamuliwe.

Jioni kipimo kilisoma 134. Nikaandika, nikalala saa tatu na nusu usiku.
Mama yako