Gari la Alhamisi

Ruvu Stesheni,
Jumanne, 4 Mei 1948.

Kwa ndugu yangu Kibwana bin Salumu, Kisarawe.

Assalaam alaykum warahmatullah. Mimi ni mzima wa mwili, na nyumbani Mwanaamina na watoto hawajambo, ila yule mdogo ana kikohozi cha masika ambacho hakimzuii hata kidogo kucheza mvuani. Nawe u hali gani, ndugu yangu? Mama yetu Biubwa anaweza kulala sasa? Machungwa yako yamesalimika na upepo? Huku mvua haijatupa nafasi, mto umejaa mpaka kwenye majaruba ya mpunga, na mtumbwi wa kuvukia bado umefungwa. Namwomba Mungu barua hii ikukute umekaa, tena umekula.

Siku tulipoachana kwenye ngazi za hospitali kule mjini, ulinishika mkono ukaniagiza nirudi Ruvu nikachunguze ni nani aliyemwacha mdogo wako Zubeda apite juu ya daraja la reli asubuhi ile ya Alhamisi. Ulisema Jumatatu ijayo, tarehe kumi, utasimama mbele ya Bwana Shauri bomani Kisarawe kumshitaki mzee Saburi, mlinzi wa daraja, kwamba aliacha zamu yake wala hakufunga njia. Ulisema utahakikisha anafungwa. Ukasema pia kwamba hapa Ruvu humwamini mtu mwingine ila mimi. Basi nimechunguza, na majibu ni haya. Nakuomba uyasome yote, hata ukifika mahali mkono ukataka kuichana karatasi.

Nitaeleza na mambo ambayo unayajua, usinione nimepungukiwa na akili. Huenda barua hii ikasomwa na watu wasiotujua, nao wataona ajabu kwamba fundi cherehani wa Ruvu na mwuza machungwa wa Kisarawe wanaandikiana kila wiki habari za magari ya moshi ambayo hawana hisa nayo hata ya msumari mmoja.

Miaka tisa sasa tangu tulipokutana ndani ya behewa la daraja la tatu, kila mtu na penseli yake, wote wawili tumetoa vichwa dirishani kusoma namba ya injini kwenye kona ya Pugu, mpaka tukagongana mapaji ya uso. Wenzetu behewani walicheka, sisi tukaonyeshana madaftari. Tangu siku hiyo wewe unaandika yanayopita Pugu unapopeleka machungwa yako, mimi naandika yanayopita hapa, maana cherehani yangu iko kwenye baraza ya duka, mbele ya stesheni kabisa, na saa ya duka iko juu ya kichwa changu. Mwisho wa wiki tunapelekeana hesabu, tujue injini ipi imepanda mbio na ipi imekohoa njia nzima kwa kuni mbichi. Wake zetu wametusema mpaka wamechoka. Mwanaamina ana neno lake, kwamba kama angekuwa na namba kwenye paji la uso ningekumbuka alichoniagiza sokoni.

Wasomaji hao wajue pia mchezo wetu. Katika kila barua kila mmoja wetu hutia gari moja la uongo, gari ambalo halikupita au halitapita, na mwenzake lazima alitambue. Asiyelitambua hulipa: wewe kikapu cha machungwa, mimi kofia. Umekwisha vaa kofia zangu tatu bure. Nilikuwa nacheka kila mara, ila sikupenda kushindwa, na nadhani hilo unalijua.

Nije kwenye uchunguzi. Nilianza kwa mzee Saburi mwenyewe, kibandani kwake karibu na daraja. Wamemsimamisha kazi lakini hana pengine pa kwenda. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa sauti ambayo nililazimika kuinama kuisikia. Amekonda mno. Aliniambia kwamba asubuhi ile stesheni ilimletea habari ya gari la ziada, lile la kupeleka mitambo Kongwa kwa ajili ya mashamba ya karanga. Kwa kuwa tangu mtumbwi ufungwe watu wamekuwa wakivuka kwa kukanyaga mataruma ya reli, alichukua boriti akaiweka kukinga njia ya waendao kwa miguu upande wetu huu. Kisha akavuka upesi kwenda upande wa pili kuwazuia watu wa Dutumi, maana kule hakuna boriti na ni lazima asimame mwenyewe na bendera. Ndiyo maana hakuonekana kwenye kibanda chake. Alikuwa kule wakati gari lilipopiga honi, na akamwona Zubeda katikati ya daraja.

Nilimuuliza kuhusu boriti, kwa nini basi ilikutwa majanini. Akasema hajui. Akasema labda ni kweli amezeeka, labda alidhani ameiweka na hakuiweka. Ndugu yangu, mzee wa miaka sitini na kitu ameanza kuamini uongo unaosemwa juu yake, na mimi nimekaa naye kwenye jamvi moja nakunywa chai yake.

Dereva alifunga breki lakini gari zito kama lile halisimami kwa kutaka kwako. Zubeda alikimbia, akaona hatafika, akaruka karibu na ukingo. Mguu ukapiga mawe ya nguzo, mwenyewe akaingia majini. Aliyejitupa mtoni akamshika na kumburuta hadi kwenye matete ni huyo huyo mzee Saburi. Hili nadhani hukuambiwa. Watu waliokuja baadaye walimkuta Zubeda ameshalazwa nchi kavu na mzee analia, nao wakaanza na maswali ya kwa nini hakuwa kibandani.

Halafu nilikwenda kwa mama mkwe wa Zubeda. Yeye alisema mkwewe aliondoka akiwa na haraka ya kumwona wifi yake aliyejifungua Dutumi, na kwamba alisema atapita kwanza kuuliza kama njia ni salama. Nilimuuliza alikwenda kuuliza wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea upande gani, kisha akasema hajui, labda stesheni. Niliondoka pale nikajificha nyuma ya banda la kuku la jirani.

Nina hofu, Kibwana. Sijapata kuwa na hofu namna hii, hata mwaka ule chui alipokuwa akizunguka nyumba zetu usiku. Honi ikilia naruka kwenye kiti, na Jumamosi sindano ya cherehani imenipita kidole. Askari akipita na viatu vyake najikuta nimeshika kitambaa nisichokishona. Daftari langu sijaliandika tangu siku ile. Magari yanapita mbele yangu na mimi nainamisha kichwa nisisome namba.

Jumapili nilikwenda mjini kumwona Zubeda, baada ya wewe kuondoka. Homa ilikuwa imeshuka na akili zimemrudia. Daktari ameahirisha tena habari ya kuukata mguu, anasema atangoja wiki hii. Mama mkwe wake alikuwepo. Alimuuliza mbele yangu, mwanangu, nani alikwambia upite? Zubeda alinitazama mimi. Alinitazama muda ambao ningeweza kuhesabu mabehewa ishirini. Kisha akageuza uso ukutani akasema kwamba amesahau.

Hajasahau, ndugu yangu.

Alikuja kwangu. Hapa barazani, saa mbili na robo asubuhi kwa saa ya duka, amejifunga kanga yake ya manjano, mchangamfu kama kawaida yake. Alisema, kaka Hemedi, mzee Saburi ameweka boriti, kuna gari linakuja? Unajua jinsi watu wa hapa wanavyoniita Saa ya Ruvu. Hawaulizi stesheni, wananiuliza mimi, na mimi nimelitaka jina hilo na kulitunza kuliko nilivyotunza kazi yangu. Palikuwa na watu watatu barazani wanangoja suruali zao. Nikafungua daftari mbele yao, nikapitisha kidole kama kadhi, nikamwambia hakuna gari lolote kabla ya adhuhuri, boriti ni ya mafuriko tu, mzee anaogopa maji. Nikamwambia aisogeze apite. Nikaongeza mzaha, kwamba gari likija nitamshonea gauni bure. Watu wakacheka, naye akacheka, akaenda.

Boriti ilikuwepo. Aliitoa yeye kwa neno langu. Mzee Saburi alifanya kazi yake yote, na Bwana Shauri akitaka shahidi, shahidi ni mimi. Wale watatu wa suruali wamenyamaza kwa kunihurumia, au kwa kuwa suruali zao bado ziko kwangu, sijui.

Bado sijamaliza. Pale hospitalini siku ya kwanza uliniuliza kama barua yako ya wiki ile ilinifikia, nami nikakujibu kwamba haikufika, labda posta imechelewa kwa mvua. Uliinua mikono ukamshukuru Mungu kwamba angalau mimi niliyekuwa Ruvu sikujua. Barua yako ilifika Jumanne, siku mbili kabla. Niliisoma mara tatu. Uliandika kwamba Pugu umewasikia wafanyakazi wakisema Alhamisi asubuhi litapita gari la ziada la Kongwa, la mabehewa ya wazi yenye mitambo, na utafurahi kujua litafika Ruvu saa ngapi. Uliandika pia kwamba Jumatatu umeona injini mbili zimefungwa pamoja zinavuta gari la abiria. Nilikaa nikapima. Nilikuwa nimeshashindwa mara tatu mfululizo na sikutaka kushona kofia ya nne. Nikasema moyoni, Kibwana ananitega kwa mitambo ya karanga. Nikaandika katika daftari langu, kwa wino, kwamba la Alhamisi ndilo la uongo.

Hukunidanganya. La uongo lilikuwa lile la injini mbili. Nakuandikia hili waziwazi kwa sababu nakufahamu, utataka kujitwika nusu ya mzigo kwa ajili ya mchezo wetu. Usijitwike. Wewe ulinipa habari ya kweli, na mimi nilikuwa na miguu ya kutembea hatua sitini mpaka stesheni kuuliza. Sikwenda, kwa kuwa Saa ya Ruvu haiulizi saa.

Na hili ndilo baya kuliko yote, sijamwambia hata Mwanaamina. Siku zile Zubeda alipokuwa hajitambui kwa homa, nilikaa nje ya wodi nikiomba dua. Kulikuwa na saa moja, si zaidi, ambayo sikuwa naomba azinduke. Mdogo wako, niliyemshonea nguo ya harusi. Nilikuwa nahofia ulimi wake. Sasa amezinduka, na ulimi wake ameufunga kwa ajili yangu, nadhani ili wewe usipoteze rafiki. Siwezi kuishi ndani ya huruma ya mtu ambaye nilimwombea hivyo.

Kwa hiyo nimekata shauri. Nimeitia barua yako ile ndani ya bahasha hii, pamoja na ukurasa wa daftari langu wa wiki hiyo, wenye mwandiko wangu. Mkononi mwangu ningeweza kuvichoma, na jana jioni nilivishika karibu na jiko mpaka Mwanaamina akaniuliza ninapika nini. Kwako viko salama. Usivichane kwa kunionea imani. Jumatatu uvipeleke bomani, na jina la mzee Saburi uliondoe katika mashitaka yako.

Nami nitakuja. Nitapanda gari la Jumapili, nishuke Pugu, nipande kwa miguu mpaka Kisarawe. Sijui watanifanya nini. Wengine wanasema kifungo, wengine wanasema kusema neno si kosa la serikali. Naogopa jela, sitakuficha, naogopa kumwacha Mwanaamina na watoto wadogo. Lakini nikijipima kweli kweli, jela si kitu mbele ya kukuona wewe umesimama stesheni ya Pugu umenipa mgongo. Kama huwezi kuniona, usije. Njia ya bomani naijua. Na kama utakuja ili unipige, njoo, sitainua mkono.

Mwanaamina anakusalimu sana, hajui ninachoandika, anadhani ni habari za magari. Watoto wanakusalimu. Wape salamu mkeo na majirani wote wanaonikumbuka. Mama yetu Biubwa, aliyewazaa wewe na Zubeda, nilikuwa nimeshamwandikia salamu zake hapa, nikazifuta. Msomee kwanza barua hii, yote, usiruke mahali. Ukimaliza, umuulize kama bado anataka salamu zangu. Akisema ndiyo, mpe shikamoo yangu. Akinyamaza, usimlazimishe.

Ni mimi niliyekuwa rafiki yako, na ninayependa kuwa bado,

Hemedi bin Twalibu,
Fundi cherehani, Ruvu Stesheni.