Skrubu Isiyochorwa Alama

Alhamisi, 6 Machi

Leo mimi ni daktari bingwa. Andika hivyo, daftari, hakuna wa kukubishia hapa.

Shemeji, mke wa Kaka, kaleta boksi hapa kwenye duka la ufundi asubuhi, mbio mbio, anawahi kazini. Kasema Kaka anataka vitu vyake viwake, basi, akaondoka. Ndani: kompyuta ya zamani ya Kaka, ile nene kama tofali, kibodi na mwili kitu kimoja, inachomekwa kwenye TV. Ugonjwa wake mdogo — kapasita mbili zimevimba kama zimeumwa na nyuki. Nimezing'oa, nimeweka mpya, nimechomelea, imewaka. Kioo cheupe, kidoti kinakonyeza kikingoja amri. Nimekipigia saluti.

Halafu rekoda yake. Hizi kompyuta za enzi zile hazina pa kuhifadhi kitu. Gemu linakaa kwenye kaseti ya kawaida, kama ya muziki. Unaipiga, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kompyuta inasikiliza ule ukelele na kuugeuza gemu. Dakika sita za kelele! Nimefungua — hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, imelala upande. Skrubu yake imebanduliwa rangi ya kiwandani, imelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema huyu fundi aliyepita hapa alikuwa anatumia kijiko? Nikachukua bisibisi. Nikaweka gemu la dukani, la kurekodiwa kiwandani, nikazungusha taratibu huku nasikiliza mpaka mlio ukawa mkali, safi. Magemu manne yote ya boksini yamepanda kwenye kioo bila kosa. Muda wote huo nilikuwa naimba.

Fundi saa, tunagawana meza na dirisha, hakuinua hata kichwa. Aliuliza tu kama nilichora alama ya ilipokuwa kabla ya kugusa skrubu. Nikamwambia alama ya nini, mgonjwa kashapona.

Ijumaa, 7 Machi

Leo siandiki utani. Au nitaandika tu, sijui kuandika vingine.

Nilienda kwa Kaka na habari njema. Kakaa kwenye kiti cha dirishani, uso kaugeuzia kwenye mwanga. Presha ya macho hiyo. La kushoto lilizima zamani. La kulia anasema ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Alhamisi ijayo anapasuliwa, na daktari hakumficha: linaweza kubaki hilo tundu, linaweza kuzima kabisa.

Sasa ndiyo nikajua boksi ni la nini. Kaingiza mkono mfukoni, katoa kaseti. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: MAMA.

Nilikuwa nimeisahau kabisa! Aliitunga mwenyewe akiwa na miaka kumi na saba, mimi nina sita, nimemkalia begani namsumbua. Mama yumo humo. Vidoti tu, urefu wa ukucha, lakini ni yeye — ndoo mkononi, mguu wa kushoto mfupi. Ukibonyeza herufi M anatoka mlangoni anakwenda bombani, na kila hatua ina mlio. Ti, taa. Ti, taa. Fupi, ndefu. Ndivyo alivyokuwa akisikika koridoni, na sisi tukisikia tunaficha tulichovunja. Picha hakutaka kupigwa maisha yake yote, alisema kamera zinamwonea. Ile moja ya kitambulisho ilikuwa kwenye pochi yake, na pochi tukamzika nayo. Kwa hiyo hivyo vidoti ndiyo sura yake yote iliyobaki.

Kaka kasema, "Nataka nimwone kabla ya Alhamisi." Nikamwambia Kaka, hilo ni kama kunywa maji.

Nikarudi dukani. Nikaweka kaseti. Inalia, ndiyo, lakini mlio mzito, kama mtu anayeongea na shuka mdomoni. Kompyuta ikaandika kosa. Nikarudia. Kosa. Nikaweka gemu la dukani, likapanda vizuri kabisa. Kaseti moja tu ndiyo inakataa, na ndiyo hiyo.

Nimeelewa nikiwa nimesimama. Hakukuwa na fundi wa kijiko. Rekoda ilianguka kutoka juu ya kabati enzi hizo, nakumbuka Mama alivyotukimbiza. Kaka akaendelea kuitumia tu. Alimwandika Mama hedi ikiwa imelala. Mkanda ulioandikwa upande unasomwa na hedi ya upande, tena kiasi kile kile, unywele usizidi. Na mimi nimeinyoosha. Na sikuchora alama. Sekunde mbili, kalamu ya wino, kimstari kimoja. Hata mwanafunzi wa wiki moja anachora.

Nilikuwa naimba!

Jumamosi, 8 Machi

Nazungusha kidogo, napiga kaseti, naandika hapa.

Robo kushoto — kosa. Robo na nusu — kosa. Nimerudi kulia — kosa, na mlio mbaya zaidi. Kushoto tena — afadhali kidogo, halafu kosa.

Tatizo siyo kosa. Tatizo ni vumbi. Mkanda umezeeka, kila ukipita unaacha unga wa kahawia kwenye hedi. Nafuta kwa pamba na spiriti, pamba inatoka na rangi ya kutu. Huo siyo uchafu, daftari. Ni yeye. Kila ninapomtafuta nampunguza.

Nikajifanya mjanja, nikarekodi ule mlio kwenye simu ili niupumzishe mkanda. Simu imerekodi mlio ule ule wa matope, tena kwa uaminifu mkubwa.

Mwalimu mstaafu kaja kuchukua konsoli yake ya magemu, anazikusanya kama wengine wanavyofuga njiwa. Nikamwambia hii usicheze na mjukuu, atakufunga mabao na heshima itaisha. Kacheka mpaka kashika ukuta. Alipotoka nikaenda nyuma ya pazia, nikakaa juu ya TV ya chogo, nikauma leso. Baadaye nikagundua nimempa waya wa konsoli nyingine.

Jumapili, 9 Machi

Kwa Kaka. Nimedanganya. Nimesema mkanda wa mpira unaozungusha rekoda umekatika, nasubiri mwingine. Shemeji kanitazama muda mrefu kuliko kawaida. Kasema nimekonda. Nikamwambia shem, ni uzuri unapungua, mwili uko palepale.

Kaka hakucheka. Akauliza, "Hedi hujaigusa, sivyo?"

"Mimi, Kaka? Nimeipangusa tu."

Kasema vizuri. Ile alihangaika nayo miezi baada ya kuanguka, kasema, imepinda lakini inamjua Mama. Kisha akaanza kumweleza Shemeji jinsi nilivyokuwa nikikojoa kitandani. Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa sauti kubwa kuwazidi.

Mtu wa kunipiga makofi nilimhitaji pale pale.

Jumatatu, 10 Machi

Jaribio la kumi na moja. Jina limetokea! MAMA, herufi nne, kioo kizima. Nimeruka, nimemkumbatia fundi saa, miwani yake imeanguka. Sekunde kumi. Kosa.

Nimerudia sijagusa kitu. Hata jina halikuja.

Fundi saa kasema, bila ubaya, kwamba skrubu yenye springi haisimami unapoiacha. Pamba sita leo. Zote kahawia. Sitapiga tena peke yangu.

Jumanne, 11 Machi

Leo sijui nianzie wapi.

Nimebeba kila kitu mpaka kwa Kaka, TV pia, nikidhani nitamchezesha kwanza lile gemu la mpira unaogonga ukuta, nipate siku nyingine. Shemeji kazini. Nikaunganisha waya, nikagusa kibodi tak tak, nikageuka kumtazama. Kakaa mbele ya TV, kainama kidogo, anatabasamu. Kasema, "Safi. Rangi zake zile zile."

TV sikuwa nimeichomeka kwenye umeme.

Plagi ilikuwa mkononi mwangu, nimeishika. Kioo cheusi ti. Nikapitisha mkono mbele ya uso wake, taratibu. Hakupepesa.

"Nimekosea, sivyo?" kasema.

Tangu Jumamosi. Aliamka, tundu la ufunguo halipo. Kampigia daktari, daktari kasema aje Alhamisi vile vile, wataangalia. Shemeji hajui. Amezungushia Alhamisi duara jekundu kwenye kalenda, anaitazama kila akipita, na Kaka hataki yeye ndiye amvunjie hilo duara. Jumapili alikuwa anacheka nasi haoni hata mmoja. Na mimi nilidhani mwongo pale ni mimi tu.

Basi nikatema. "Kaka, hedi niliinyoosha. Kabla hujanipa kaseti. Nilidhani imeharibika."

Friji inanguruma.

"Ulichora alama?"

"Sikuchora."

"Mpumbavu wewe," kasema, polepole, kama mtu anayetaja jina langu. Kisha akageuza uso dirishani ambako hakuna kitu tena kwake, akakaa hivyo. Nikasubiri anifukuze. Nilitaka anifukuze. Nikamwambia na la vumbi, na kwamba hata nikimpata hatamwona, nimechelewa pande zote mbili.

Kasema, "Kumwona basi. Lakini yule ana mlio."

Kasema nije kesho na bisibisi ndogo kuliko zote. Ile hedi hakuwahi kuiweka kwa macho. Aliiweka kwa sikio.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa hapa kwake, mezani, mchana. Nitaeleza kwa nini.

Shemeji kaenda hospitali kufuata karatasi za kesho. Nimekuja na bisibisi ya fundi saa, nyembamba kama sindano. Kanifutia kwanza kwa shati lake, ndipo kanipa.

Nimeshika mkono wa Kaka, nimeweka ncha kwenye skrubu, nimemwachia. Kabla gemu halijaanza kuna filimbi, mlio mmoja mrefu, sekunde tano. Kasema tutumie hiyo tu, tusile mkanda wote. Napiga filimbi, nasimamisha. Anazungusha kiasi ambacho mimi sikioni. Napiga, nasimamisha. Kasema hapo siyo yeye. Hapo pia siyo. Kaweka sikio juu ya spika kabisa, shavu limebonyea, mdomo wazi kidogo. Mara ya saba au ya nane filimbi ikawa kali ghafla, ikanichoma meno.

"Hapo," kasema. Akaacha kidole chake kwenye skrubu ili springi isidanganye.

Kabla sijapiga kasema neno moja: likikataa niseme limekataa. Nisimwigizie Mama kwa mdomo. Na daftari, nakuapia, ndiyo mpango niliokuwa nao. Hata ti, taa nilishaifanyia mazoezi njiani.

Nikapiga. Jina likaja. Mistari ikaanza kukimbia pembeni mwa kioo, na Kaka anasikiliza makelele kama mtu anayesikiliza majirani. Anasema hiyo ni mlango. Hiyo bomba. Hiyo ndoo, ndoo ilinisumbua sana. Dakika ya nne mlio ukazama, shuka likarudi mdomoni. Nilifunga macho. Kidole chake kikasogea, sijui kiasi gani, mlio ukapanda tena. Dakika ya tano. Ya sita. Kisha rekoda ikatoa sauti ya kutafuna. Kimya.

Rekoda imetafuna mkanda. Nimefungua — umejisokota kwenye gurudumu, umevunjika mahali pawili, unga kila mahali. Hakuna mara nyingine.

Lakini kioo.

Mlango upo. Bomba lipo. Mama amesimama mlangoni na ndoo yake, kichwa kimeinamia upande ule ule! Sikujua kama namkumbuka hivyo. Nilimwita. Kwa sauti, mtu mzima mimi.

Nimemwambia Kaka yote. Nimesema na lile baya: vidoti vitatu vimetoka mahali pake, vimetawanyika chini ya ndoo. Mkanda umepoteza kitu, na sijui kingine gani kilichopotea ndani, pasipoonekana. Huyu ni Mama aliyesimama tu. Hatua hazisikiki mpaka Kaka abonyeze M. Akibonyeza, ama Mama anatembea, ama kompyuta inaganda. Na gemu Kaka alilitunga lijianze lenyewe, halinakiliki, halina njia ya kutoka ila kuzima. Ukizima amekwenda.

Akauliza vidoti viko upande wa mguu upi.

"Wa kushoto."

"Huo ulikuwa hivyo hivyo," kasema. Akacheka, na machozi yakamtoka, yale macho bado yanafanya kazi hiyo.

Nikamwambia tunaweza tusibonyeze. Tumwache tu hapo mlangoni, mpaka umeme ukatike wenyewe. Kasema kwa nani? Wewe unamwona. Mimi hapa nina kelele za friji tu.

Nimechomoa friji.

Nimeshika kidole chake, nimekiweka juu ya M. Kakihisi kitufe, kakizunguka ukingo wake, kakaa tayari. Kasema nimpe dakika. Dakika zimepita nyingi. Utani sina hata mmoja, ndiyo maana nimekufungua, daftari, nipate cha kushika. Geti limelia — ni Shemeji huyo, na karatasi za kesho. Kaka kasikia pia. Kidole hakijaondoka. Pumzi kaivuta, kaishikilia.

Kasema niweke kalamu chini. Inakwaruza, na yeye anataka kusikia.