Chumba cha Mbele, Ghorofa ya Chini

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Na ile ganzi ya miguu asubuhi imepungua, au bado unamficha daktari? Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha, na kazini tunashukuru. Najua Dada amekupigia, kwa hiyo habari za wajukuu sitazirudia, ila huyo mdogo sasa ana meno manne na anamng'ata kila anayembeba.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Unasema Baba ametuma ujumbe kwamba Jumapili ijayo anataka kuja kukuomba radhi, na naona umeshaanza kulainika. Unaniomba na mimi nimsamehe kwa kutuacha ulipokuwa mgonjwa kitandani, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, hana moyo wa kuuguza, akinusa chumba cha mgonjwa tu anaishiwa nguvu. Mama, maneno hayo umeyasema miaka kumi na miwili, na mimi nilikuwa nayaamini. Sasa siyaamini tena, na kabla hujampikia mtu chai Jumapili nataka ujue sababu.

Mwezi wa tatu alikuja ofisini kwetu. Alikuja na mkewe, yule ninayemwita Bi Manukato, maana harufu yake huingia kwanza, mwenyewe akafuata. Walitaka tuwapangie safari ya kusherehekea miaka kumi ya ndoa yao. Miaka kumi, Mama! Eti alisikia wazazi wa wafanyakazi hupunguziwa nauli. Haya hana hata chembe. Kwenye fomu kuna kisanduku cha mwenzi wa mzazi, na humo nikaandika jina la yule mwanamke kwa mkono wangu mwenyewe, kalamu nusura itoboe karatasi.

Wakaniuliza kipi bora, likizo ya melini au ya nchi kavu. Unajua ninavyofanya kazi. Kila mteja namchorea karatasi yake, mstari katikati, meli kushoto, nchi kavu kulia, halafu kila upande naandika raha zake juu na karaha zake chini. Miaka sita hakuna mteja aliyewahi kurudi akasema nilimficha kitu. Basi siku hiyo nchi kavu niliipaka matope: kufungasha kila asubuhi, kutafuta hoteli kila jioni, mabasi yasiyofika, miguu kuvimba, kugombania ramani. Raha zake nilizitaja mbio mbio, kwamba mtu hukaa anapopenda, na mahali pakimkera anaondoka. Meli nikaimwagia asali. Sanduku unalifungua mara moja tu, chakula kimeshalipiwa, unalala mji huu unaamkia mwingine, jioni muziki. Chini, penye karaha za meli, sikuandika neno. Sikuwaambia kwamba kwenye kila mji mnashushwa saa chache tu, mnahesabiwa, mnarudishwa kama watoto wa shule. Sikuwaambia kuhusu mawimbi ya mwezi ule. Na lile kubwa kuliko yote nililimeza: ndani ya basi hali ikikushinda unashuka, lakini ndani ya meli utashukia wapi?

Bi Manukato mwenyewe alitaka milimani. Aliniuliza mara mbili kama meli haiyumbi. Nikacheka, nikamwambia meli za siku hizi ni kama kukaa sebuleni. Baba akasema mwanawe ndiye mtaalamu, basi yakaisha.

Walirudi baada ya siku kumi na nne. Wateja wote wakirudi hujaza fomu ya maoni, na Baba aliileta mwenyewe, mkewe nyuma yake, kajaza mpaka pembeni. Nilitegemea kumwona amekonda. Ng'o! Alikuwa mzima kama kigogo, aliyekonda ni mkewe. Akakaa mbele yangu akasimulia kwa fahari. Alisema meli ilianza kuruka tangu siku ya pili, mke akatapika mpaka akawa hawezi kusimama, daktari wa meli akamtundikia dripu. Alisema yeye mwenyewe siku kumi na moja hakutoka chumbani. Alimshikia beseni, akamwosha, akafua mashuka kwenye sinki la bafuni kwa kuwa aliona haya kumpa mfanyakazi, akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Usiku alilala sakafuni apate kumsikia akiita. Nilimuuliza harufu je, chumba kile hakina hata dirisha. Akanishangaa, akasema mtu akiwa wako harufu huisikii.

Nikaipokea ile fomu, Mama. Bi Manukato akanishika mkono, machozi yanamlenga, akaniambia nina bahati kuwa na baba kama huyu.

Sasa nikuambie nililofanya. Chumba kile nilikichagua mimi. Vya katikati ya meli, panapotulia, vilikuwepo, tena kwa nauli ile ile. Niliwaweka mbele kabisa, ghorofa ya chini, ukuta mmoja na mnyororo wa nanga, penye kurushwa kuliko pote. Baba hutapika hata kwenye kiti cha nyuma cha gari, nilijua hatavuka siku ya tatu. Nilitaka alale anajinukia, na mkewe ajizibe pua na leso kama yeye alivyojiziba mlangoni mwako, halafu ahame chumba kama alivyohama. Nilimwombea hivyo kila siku nikienda kazini. Nilimlenga yeye, ikampata mwanamke wa watu. Kwa huyo najuta, kidogo. Kwa Baba sijuti, na ingewezekana ningemrudisha kule kesho.

Maana mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Beseni lako nilishika mimi, mashuka nilifua mimi, na nikikuosha ulikuwa unaniambia nisimchukie baba yangu, hawezi mambo haya. Mama, anaweza. Anayaweza vizuri kuliko mimi. Naomba unisamehe kwa kukuandikia hili, najua linauma kuliko kule kuondoka kwake, lakini sitakubali akae kwenye kiti chako akasamehewa kwa ulemavu asiokuwa nao.

Jumapili mkaribishe, mpe chai. Akianza kuomba radhi, mkatize. Muulize kama mashuka ya melini yalitakata. Kisha mwangalie usoni, na ukimsamehe, usamehe hicho utakachokiona.

Msalimie jirani yako mshonaji, mwambie gauni limenikaa sawasawa. Dawa za mgongo nimezituma, meza baada ya kula, usizigawe. Nakubusu mikono yote miwili.

Ni mimi mwanao,
Kiherehere