Uji wa baba wameshiba kuku

Shosti, siamini! Nilisahau kitambulisho cha kazi, nikarudi nyumbani. Nikamkuta baba mlango wa nyuma, anawamwagia kuku wa jirani uji wangu.

Ule uji wa nafaka zisizokobolewa ninaoamka alfajiri kumpikia kwa ajili ya presha yake!

Mezani kuna mkate mweupe, siagi juu. Kumbe kaka ndiye anayemletea. Kaka yangu mimi!

Kila siku baba ananiambia, "Mwanangu, leo umeupatia." Kila siku! Na jana presha imepanda, daktari kamwongezea dawa, mimi nikajilaumu mpaka nikalia.

Eti anacheka: "Usinune bwana. Ona kuku walivyonenepa."

Nikamuuliza taratibu, "Baba, umewahi hata kuuonja?"

Kicheko kikakatika. Akageuka, akawatazama kuku.